Nilifunga tangi kwa kufuli, halafu mtoto wangu akaingiwa na pilipili machoni

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Leo nimeamua kujianika mwenyewe kabla mke wangu hajanianika kanisani. Yote haya yalitokea, na anayebisha apande Sagalla aulize nyumba ya fundi wa pikipiki. Ataonyeshwa, na watamcheka kwa niaba yangu.

Kazi yangu iko Voi mjini, lakini nyumbani ni huku Sagalla, upande wa chini, ambako ndovu wanatembea kama wana title deed ya ardhi yote.

Nina mke, nina shamba dogo la mahindi na pojo, na nina Wakesho, binti yangu wa miaka miwili na nusu. Huyo mtoto hatembei. Anakimbia tu, mikono mbele, anatafuta kitu cha kushika.

Shida ya huku ni maji. Mvua ikinyesha tunakinga kwa tangi, halafu tunaishi kwa kubana mpaka inyeshe tena.

Mimi kubana nilizidisha. Nilinunua kufuli nikafunga mfereji wa tangi. Ufunguo nikautia pamoja na ule wa pikipiki, nikawa natembea nao. Mama Wakesho alikuwa anapimiwa ndoo moja asubuhi na moja jioni. Akiomba ya tatu namwuliza anaogesha nani, ng'ombe?

Chekeni tu. Wakati huo nilikuwa najiona baba wa maana sana.

Jirani yetu ni Mama Mghoi, mjane, mtu mzima, hana tangi. Yeye huteremka hadi kwa kioski cha maji na kupanda na mtungi wa lita ishirini mgongoni. Ijumaa jioni alikuja kuniomba mtungi mmoja kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua.

Nilimwambia tangi imebaki kidogo sana.

By the way, tangi ilikuwa nusu. Alichukua mtungi wake mtupu akaenda.

Sasa Jumamosi. Mama Wakesho alienda mkutano wa chama cha akina mama. Ndugu yake, yaani shemeji yangu, akaazima pikipiki kwenda Voi. Nikabaki na mtoto, na kazi ya shamba ikiningoja.

Kwa wale hamjui, ndovu hapendi pilipili. Tunasaga pilipili kavu, tunachanganya na oili chafu ya injini, tunachovya matambara, tunayaning'iniza kwa kamba kuzunguka shamba. Oili chafu, kwa kazi yangu, sijawahi kukosa.

Nilihitaji chombo kipana. Cha karibu kilikuwa beseni la Wakesho la kuogea. Nikasema nitalisugua baadaye kwa mchanga, nisipoteze maji.

Nilihitaji matambara. Nikachukua nguo zake za zamani.

Wakuu, hapo ndipo akili yangu ilipokwenda likizo. Nguo ya mtoto, ndani ya beseni la mtoto, chini mahali mtoto anapofika. Nilikuwa nimemwandalia kila kitu.

Niligeuka kukata kamba. Dakika moja, haikufika mbili. Niliporudi nilimkuta ameivuta gauni yake ya maua kutoka kwa beseni, ameikumbatia, uso wote umeingia ndani, na anasema, "Yangu."

Halafu akalia.

Nimesikia watoto wakilia. Hicho hakikuwa kile kilio cha kuanguka.

Nilimbeba nikampangusa macho. Kwa mikono gani? Hiyo hiyo niliyokuwa nakorogea pilipili. Akalia mara mbili zaidi. Nikakimbia jikoni, kwa jagi kulikuwa na maji ya kikombe kimoja hivi, nikammwagia yakaisha. Ndoo ya asubuhi ilikuwa imeshatumika.

Basi tangi. Nimefika mbio, nimeshika mfereji, na kufuli inaniangalia.

Ufunguo umekwenda na pikipiki. Nikampigia shemeji. Yuko Voi, na anakula chapati. Nikamwambia arudi sasa hivi, akaniuliza kama anaweza kumaliza kwanza.

Nikaokota jiwe nikaanza kugonga kufuli, mtoto kwa mkono mmoja. Na mimi dukani nilikuwa nimekataa zile za kawaida, nikataka ile ngumu kabisa. Nimegonga mpaka jasho likaingia machoni, nikajipangusa kwa mkono ule ule. Sasa tukawa wawili hatuoni.

Hapo ndipo niliposikia mtu akipita kwa ua. Mama Mghoi, ndiyo kwanza anatoka kwa kioski, mtungi bado uko mgongoni, kanga imelowa.

Aliniambia nilete kikombe, na nisimguse mtoto uso tena. Alikaa chini, akanawa mikono kwa sabuni, akamlaza Wakesho mapajani kwa ubavu, akamfungua jicho kwa vidole viwili, akaanza kumimina. Taratibu, kutoka upande wa pua kwenda nje. Mtoto alipiga mateke yote aliyonayo. Akamgeuza, jicho la pili. Akarudi la kwanza. Aliendelea muda mrefu kuliko nilivyodhani inahitajika.

Nitawaambia ukweli ambao sijamwambia hata mke wangu. Katikati ya yote hayo, kuna sauti ndani yangu ilisema, aki ya Mungu, maji yanapotea chini. Nilijichukia pale pale.

Mtungi uliisha. Wakesho akafungua jicho moja, akaniona na uso wangu ulivyokuwa umevimba, akalia upya.

Tulipanda boda hadi dispensari. Nesi alimmulika, akaangalia kwa makini, akasema ni wekundu tu, utaisha, lakini tukiona bado anafumba macho au anayakwepa mwanga kesho, turudi haraka. Akasema kilichosaidia ni maji mengi mapema. Akauliza kama tumetia maziwa, asali au mafuta, nikasema hapana, na hiyo haikuwa busara, ni vile sikupata. Akaniuliza mimi nimepatwa na nini. Nikamwambia ni vumbi.

Mama Wakesho aliporudi alisikiliza yote mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Angepiga ningefurahi.

Jioni shemeji alileta ufunguo. Nilijaza mitungi miwili nikampelekea Mama Mghoi. Nilikuwa nimepanga maneno, ya kuomba msamaha na ya Ijumaa pia. Nilianza na ile mitungi. Nikamwambia nimemrudishia maji yake, na mengine juu.

Alikuwa anachambua mboga. Hakusimama.

"Maji yanatafutwa," aliniambia. "Macho ya mtoto tungeyatafuta wapi?"

Nilibaki nimeshika mitungi yangu, sijui niiweke wapi.

Kufuli niliitoa siku hiyo. Pilipili sasa nachanganyia kule shambani, na glavu, kwa debe bovu ambalo halifanani na chombo chochote cha nyumbani, na siingii ndani kabla ya kunawa kwa sabuni. Tangi iliisha mapema kabla ya mvua, kama nilivyoogopa. Sasa mimi pia napanga foleni kwa kioski, na mtungi wa Mama Mghoi naupandisha mimi. Ananiambia nakwenda polepole.

Wenye watoto wadogo, hebu angalieni nyumbani kwenu leo. Ni kitu gani mmefungia mbali na wezi ambacho mtoto wako anaweza kukihitaji dakika hii hii? Leteni visa vyenu hapo chini. Na wa kuniita mchoyo karibuni pia, ila mjue mke wangu ndiye wa kwanza kwenye foleni.