Shemeji Alirudisha Pikipiki Imeoshwa

Pikipiki yangu ni ya zamani. Niliinunua ikiwa imeshapita mikono mitatu, na nimeizoea kiasi kwamba nikiiwasha asubuhi najua kama imelala salama. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliiazima akakaa nayo siku mbili kwake Magomeni. Alipoirudisha hapa Mchafukoge, kilichonishtua ni kwamba alikuwa ameiosha. Shemeji haoshi hata kikombe alichonywea chai.

Kesho yake nikaiwasha. Tak, tak, tak. Mlio mkavu ambao sikuujua.

Kariakoo ninakouza vitambaa, kila mtu ana kisa cha pikipiki iliyotoka nzima ikarudi na vyuma vya pikipiki nyingine tumboni. Nikampigia.

"Mambo, shemeji?" nikamsalimia.

"Poa. Pikipiki inalia?"

Sikuwa nimetaja pikipiki.

"Kwani ilikuwa inalia?"

"Hapana, nauliza tu."

Nilimwambia mke wangu kwamba nduguye ameuza vyuma vya pikipiki yangu. Akasema nduguye si mwizi, kisha akaendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nikaona na huyu kuna kitu anakijua.

Jumamosi asubuhi niliisukuma hadi uani nikaiwasha. Jirani yetu wa ghorofani, mzee wa Kihindi aliyetengeneza vyerehani maisha yake yote, akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete bisibisi."

Akagusisha ncha ya bisibisi chini ya injini, mpini sikioni, akafumba macho akisikiliza. Kisha akahamia juu, kwenye kichwa cha silinda.

"Hapa. Ingekuwa kule chini, ungelia na wewe. Hizi ni tapeti tu, vyuma vya kusukuma vali. Zima, iache ipoe kabisa, halafu fungua."

Mchana nikafungua. Vifuniko vya tapeti vilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana, inang'aa.

"Mzee, hapa pameguswa."

"Pameguswa," akakubali.

Nilitazamia kukuta chuma kigeni, lakini vyote vilikuwa vyangu, vyeusi kwa oili ya miaka. Ila nati ya tapeti moja ilizunguka kwa kidole tu. Nafasi kati yake na vali ilikuwa imepanuka, chuma kikawa kinagonga chuma. Mzee alinipa vibati vyake vyembamba vya kupimia. Nikazungusha injini polepole hadi alama iliyo kwenye gurudumu lake la ndani ikakaa mahali pake, nikapitisha kibati, nikakaza nati, nikapima tena. Nilipowasha, ule mlio haukuwepo.

Hata hivyo sikutulia. Nikapiga simu mkono ukiwa bado na oili.

"Nani alifungua injini yangu? Nitajie fundi."

Akasema, "Hakuna fundi, shemeji. Ni mimi. Ilianza kulia kidogo njiani, nikaangalia video kwenye simu, nikasema nikurekebishie. Ikazidi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utadhani nimeiba kitu, ndiyo maana nikaiosha oili yote. Dada peke yake ndiye niliyemwambia."

Nikatazama dirisha la jikoni. Mke wangu alikuwa amesimama pale, ananitazama.

Nikamwambia shemeji aje Jumamosi ijayo nimwonyeshe jinsi nati ile inavyokazwa. Yale niliyomwambia mke wangu, kwamba ameuza vyuma, sikuyagusa. Dada yake alimfikishia yote jioni ileile.