Maji Aliyoomba Bibi

Juzi matangani, hapa Mitole, mtoto alitaka kusema jambo juu ya marehemu, watu wazima wakamnyamazisha. Nikamkumbuka bibi yangu.

Alasiri aliyokufa, nikiwa bado mtoto, nilikuwa naye peke yangu chumbani, nasuka ukili wa mkeka. Moshi wa korosho uliingia dirishani. Akaniomba maji. Nikadhani atasubiri nimalize mstari. Nilipoinuka, alikuwa amekata roho.

Msibani shangazi zangu walipokezana kusimulia: amekufa anatabasamu, wote wamemzunguka.

"Bibi aliomba maji," nikasema.

"Wewe ulikuwa nje unacheza," akasema shangazi mkubwa. Wenzake wakaitikia. Niliamini watu wengi hawakosei.

Ninajua aliomba maji. Lakini nikifumba macho leo, namwona anatabasamu, shangazi wamemzunguka, nami niko nje, nacheza.