Bei ya Kikapu cha Sambaza

Nikinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, harufu yao mbichi hunirudisha kwenye mlima wa parokia yetu, hapa Bukavu, nikiwa na miaka kumi na kikapu cha maman mmoja mzee kichwani.

Tonton, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu wa dini, alikuwa ametuambia tumsaidie mtu bure, kisha Jumamosi tuje kusimulia. Aliyesaidia kweli angefungwa shingoni fulari, kitambaa cha kundi letu la watoto wa parokia. Niliitaka fulari ile. Nilitaka pia sambaza waliokuwa kikapuni. Katikati ya mlima nikatua kikapu.

"Maman, mulima iko murefu. Unipe viganja viwili."

"Kamwizi kadogo weye! Kimoja."

"Kimoja na nusu, na hatupumziki tena."

Akacheka, akanipimia. Nilihesabu samaki mara mbili.

Jumamosi nilisimulia vizuri sana: jua, uzito, shingo ilivyouma. Sambaza sikuwataja. Kumbe yule maman alikuwa nyuma yetu, amekuja kufagia kanisa. Tonton akamgeukia.

"Maman, ni kweli? Alikubebea bure?"

Akaniangalia. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu, vyote kumi.

"Bure kabisa," akasema. "Huyu mutoto iko na roho muzuri."

Watoto wakapiga makofi. Tonton akamwomba anifunge fulari yeye mwenyewe. Alipoinama akaninong'oneza, bila hasira hata kidogo:

"Siku ya tatu niko na kikapu ingine. Nitakungojea pale chini."

Nikaitika ndiyo. Siku ya tatu, yaani Jumatano, nilipanda kwa njia ya nyuma, ile ndefu.