Picha za Katikati

Kompyuta niliyojifunzia kazi haikuwa hata na skrini yake. Ilichomekwa kwenye televisheni ya kawaida, ile ya kuangalizia mpira, na yenyewe ilikuwa ubao wa vitufe ulionenepa upande wa nyuma, basi. Mzungu mmoja mtaalamu wa mbu, aliyekuwa kwenye mradi wetu wa afya pale Ifakara, aliiacha mkataba wake ulipokwisha. Nadhani mizigo ilimzidia. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuchora katuni zinazotembea, na mkuu wa mradi, daktari mpole asiyependa kuona kitu kinakaa bure, akauliza ofisi nzima nani anajua kuchora. Mimi nilikuwa nje, juu ya ngazi, naandika ukutani tangazo la kukataza watu kuegesha baiskeli. Nikashuka na brashi mkononi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa ya kompyuta, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na majivuno ya kuwatosha watu watatu.

Kazi ilikuwa kutengeneza filamu fupi za chandarua, za kuchemsha maji ya kunywa, za kumwahisha hospitali mtoto mwenye homa. Tukimaliza tunarekodi kwenye kanda ya video, dereva wetu anapakia televisheni, deki na jenereta, tunakwenda vijijini. Tulionyesha mchana, darasani, madirisha tumeyaziba kwa mikeka. Filamu hazikuwa na sauti. Muuguzi wetu alisimama pembeni akieleza.

Katuni, kwa asiyejua, ni uongo wa picha nyingi. Ukitaka mtu atoke mlangoni hadi barabarani, unamchora akiwa mlangoni, unamchora akiwa barabarani, halafu unachora picha zote za katikati, moja moja, mguu ukipanda kidogo, mkono ukishuka kidogo. Picha ya kwanza na ya mwisho ni raha. Za katikati ni adhabu, na mimi sikuzaliwa na subira.

Siku moja dada mmoja alikuja ofisini kuleta vitambaa vya makochi alivyoagizwa na katibu muhtasi. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, darasa la saba, alijifunza kudarizi kwa masista. Programu yetu ilikuwa na dirisha la kukuzia. Ukilifungua, pua ya mtu inakuwa miraba michache tu, unaijaza rangi mmoja mmoja. Dada akasimama nyuma yangu, vitambaa mkononi, akaangalia kwa muda.

"Kumbe ni kitambaa!" akasema.

"Ni kompyuta, dada."

"Kompyuta yako ni kitambaa. Na hapo umeruka uzi mmoja."

Nikaangalia. Kweli, mraba mmoja nilikuwa nimeuruka. Kabla mwezi haujaisha dada alikuwa na mkataba na mto wake mwenyewe wa kukalia, na picha zote za katikati zikawa zake. Alizichora akihesabu bila sauti, midomo tu ndiyo inacheza, na ukimsemesha akiwa kwenye arobaini na kitu ulijua siku hiyo umeiharibu.

Tuligombana mapema. Filamu ya kwanza ya chandarua ilikuwa na mama mwenye jembe begani, anatoka kwake, anapita mbele ya mzee aliyekaa kwenye kigoda, anakwenda dukani. Nilimchora mama upande huu wa mzee, nikamchora upande ule, nikaenda kunywa chai. Siku nne baadaye dada ananionyesha: mama anafika kwa mzee, anasimama, anateremsha jembe, anakunja goti, kichwa kinainama, anangoja kidogo, ndipo anainuka na kuendelea na safari. Picha ishirini na mbili zaidi.

"Nani kakwambia asimame?"

"Angepitaje?"

"Anakwenda kununua chandarua, dada!"

"Na mzee je?"

"Mzee ni pambo tu."

"Pambo lina mvi?"

Nilimwambia disketi itajaa. Nilimwambia filamu ni ya malaria, si ya adabu. Alinisikiliza vizuri sana na hakufuta hata picha moja, nami sikujua namna ya kuzifuta bila kuharibu zilizobaki.

Tukaenda nayo Kisawasawa. Wazee walikuwa wamekaa mbele, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Mama akatoka, akafika kwa mzee, akakunja goti. Muuguzi hajafungua mdomo, mzee mmoja dawati la mbele akaitikia, "Marahaba." Mwingine akaongeza, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Darasa zima likacheka, wao hawakucheka, wakasogea mbele kabisa, na chandarua kilipotokea walikiangalia kama mali ya mtu wanayemjua. Muuguzi hakuwahi kupata maswali mengi vile. Uchindile, tulikokwenda kwa treni televisheni tumeifunga blanketi, ikawa vilevile. Kwenye kijiji kimoja cha wafugaji karibu na mto, kina mama wa Kisukuma walilalamika kwamba goti halikufika chini. Dada akaliandika lalamiko lao, na kwenye filamu iliyofuata goti likafika chini.

Ofisini nilipoulizwa wazo lile lilikuwa la nani, nilisema lilikuwa letu.

Kisha yule mtaalamu wa mbu akatutumia kutoka kwao furushi la disketi tupu na gazeti moja la kompyuta. Humo tukasoma kwamba kampuni iliyotengeneza mashine yetu imefilisika, na waliotengeneza programu yetu wameitupa, wanatengeneza vitu vingine. Gazeti lenyewe lilikuwa la miezi minane nyuma. Tulikuwa tumefiwa miezi minane na hatuna habari, tunachora tu. Dereva alipoambiwa alivua kofia, akanishika mkono.

"Poleni sana. Marehemu kaacha watoto?"

"Katuacha sisi," dada akasema.

Tulicheka, lakini tulianza kuishi kama watu wenye mgonjwa ndani. Masika disketi zilishika ukungu, tukawa tunazihifadhi kwenye kopo la maziwa lililojaa mchele, na mchele, Ifakara, haukuwa taabu kuupata. Sisimizi waliingia ndani ya vitufe wakazaliana. Fundi redio wa sokoni aliifungua mashine mara tatu, kila mara akiifunga anabaki na skrubu moja asiyojua ilitoka wapi. Kitufe cha kurudi picha moja nyuma kikafa kabisa, hivyo dada akikosea ilimlazimu kuzunguka kwenda mbele mpaka filamu iishe na kuanza tena, hadi afike pale alipokosea. Alifanya hivyo miezi mingi. Mimi ningekuwa nimeshaitupa dirishani.

Halafu wafadhili wakaleta kompyuta mpya, zenye skrini zao, na programu mpya ya katuni. Kulikuwa na mafunzo ya wiki mbili Dar es Salaam, kwa Kiingereza, nafasi moja. Nikaenda mimi. Sikuuliza mara mbili.

Kipya kinyemi, wahenga walishasema. Programu ile ilikuwa na rangi ambazo sikujua majina yake, na haikuwa na miraba. Mistari ilijipinda yenyewe, laini kama umeipiga pasi. Lakini siku ya tatu mwalimu akatuonyesha jambo kubwa zaidi. Unachora picha ya kwanza, unachora ya mwisho, unabofya kitufe, na za katikati inazichora yenyewe. Nilipiga makofi peke yangu darasani. Nilimkumbuka dada nikiwa njiani kurudi, basi liko Mikumi, na nikajiambia atafurahi kupumzika.

Nilimwonyesha siku ileile niliyofika. Nikamweka mama huku, nikamweka kule, nikabofya. Mama akapita.

"Nani kachora hizi?"

"Yenyewe."

"Zote?"

"Zote, dada."

Alifuta skrini kwa pembe ya khanga, ingawa ilikuwa mpya na haina vumbi. Akaniuliza nitamfundisha lini. Nikamwambia Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na kazi, na Jumatatu nyingine nilikuwa na kazi, na ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu pekee anayejua.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Daktari akaja chumbani kwetu, akakaa kwenye ukingo wa meza, akaniuliza taratibu kama alivyouliza kila kitu, "Hii kazi sasa unaiweza peke yako, au bado tunahitaji wawili?"

"Naweza, daktari."

Hakunishurutisha mtu. Hata daktari hakuwa amemaliza kuuliza. Ijumaa dada alibeba mto wake, akaaga kila mlango, mpaka kwa mlinzi.

Nikaitengeneza upya filamu ya chandarua, rangi mpya, siku mbili tu badala ya mwezi, tukarudi nayo Kisawasawa. Mama akatoka mlangoni. Akateleza barabarani kama mtumbwi, jembe begani halitikisiki, akampita mzee, akafika dukani. Muuguzi akaanza kueleza habari za chandarua, bibi mmoja akamkatiza, "Kwanza tuambie huyu ni binti wa nani." Muuguzi akasema ni mama tu wa kwenye filamu. "Asiyeamkia wazee atatufundisha nini?" bibi akasema, akanyanyuka. Waliobaki walibaki kwa heshima ya muuguzi.

Nikasema hilo dogo, nitachora goti mwenyewe. Nilizima kile kitufe cha ajabu, nikachora picha moja moja. Jaribio la kwanza mama alionekana kadondosha kitu. La pili alionekana kakalia moto. Nilikaa nalo wiki tatu. Sikujua jembe linashuka kabla ya goti au baada, sikujua kichwa kinangoja kiasi gani, na niliona aibu kwamba nimekuwa nikiamkia watu maisha yangu yote bila kuangalia ninavyofanya.

Basi nikapanda baiskeli nikaenda kwake. Nilimkuta barazani na kitambaa mapajani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mama hajambo?"

Mama hajambo. Akaniletea chai na viazi, akaniuliza habari za kila mtu ofisini mpaka sisimizi. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mwishowe nikamwambia lile goti limenishinda, aje, hata siku mbili tu, anichoree.

"Siku ile daktari alipokuja," akasema, macho kwenye mshono, "nilikuwa nyuma ya mlango, nafunga viatu. Alikuuliza kama unaweza."

"Ndiyo, dada."

"Ukasemaje?"

"Nilisema naweza."

Akakata uzi kwa meno.

"Basi weza," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Kilichohitajika kilikuwa kidogo. Ningeingia kwa daktari nikamwambia siwezi, angemrudisha dada wiki ileile. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilifika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili hakuwa na mgeni, nikamuuliza kama anahitaji tangazo jipya la baiskeli.

Ndipo nikapata ujanja wangu. Nilimfuta mzee. Nikafuta na kigoda, nikafuta na kivuli chake, barabara ikabaki tupu kutoka mlangoni kwa mama hadi dukani. Sasa mama aliweza kuteleza atakavyo, hakuna wa kumkosea heshima. Filamu zilizofuata nikazipanga hivyohivyo, kijiji kizima hakina mtu mwenye mvi nje ya nyumba yake. Watu waliziangalia, hawakulalamika tena. Waliangalia, wakanyanyuka, wakaenda mashambani. Daktari alisema zimekaa vizuri, na mimi nikaongezewa mkataba.

Mwaka uliofuata tulionyesha moja mjini Ifakara, kwenye ukumbi wa shule, siku ya kupima watoto. Watu walipoanza kutoka nikamwona dada karibu na mlango, na kitambaa chake kimekunjwa kwapani. Alikuwa ameangalia yote. Akaja hadi kwenye televisheni, dereva anakunja nyaya.

"Rangi nzuri," akasema. "Safi sana, mdogo wangu." Halafu akaigusa skrini iliyozimwa, upande wa kushoto, pale penyewe. "Yule mzee wetu yuko wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Programu haitaki watu wengi, filamu ndefu zinachosha, daktari kasema. Dereva aliacha kukunja nyaya akaniangalia.

"Nimemtoa, dada," nikasema. "Nilishindwa kumwamkia."