Jetoni ya Mkate ya Wattiez

Mauricette Lecocq alikuwa na saluni mjini Cambrai, na mdomo wake ulikwenda mbio kuliko mkasi wake. Ukikaa kwenye kiti chake, ulijua utaondoka na nywele nzuri na somo la sarafu. Atakusimulia jinsi watu walivyoficha fedha zao kwenye magodoro wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, hadi chenji ikaadimika mjini, na wenye maduka wakaamua kujigongea sarafu zao wenyewe za zinki na alumini. Hii ya bia, ile ya tramu, nyingine ya mkate. Jetoni, ndivyo zilivyoitwa, na Mauricette alikuwa nazo droo tele.

Moja tu ndiyo iliyomnyima raha: jetoni ya mkate ya duka la Wattiez, ya alumini, yenye pembe nane. Anselme Dubrulle, tarishi mstaafu, alikuwa nayo, na kila Jumapili kwenye soko la vitu vikuukuu aliirusha hewani na kuidaka mbele ya Mauricette makusudi.

“Itazame vizuri, mama. Kutazama ni bure.”

“Itakudondokea mtaroni, ucheke vizuri siku hiyo!”

Hayo yalikwenda miaka, mpaka majira ya kuchipua ya mwaka 1983, Anselme alipolegea. Alizitamani jetoni tatu za tramu alizokuwa nazo Mauricette. Wakabadilishana, kila mmoja akiamini amempiga bao mwenziwe.

Mauricette hakwenda nyumbani. Furaha ilimpeleka moja kwa moja kwa Wattiez, kwani duka lilikuwapo bado, mikononi mwa mjukuu, Gaétan, jitu lenye unga hadi kwenye nyusi. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ilipofika, aliiweka jetoni juu ya kaunta kwa mikogo.

“Mkate mmoja, bwana mdogo.”

Gaétan aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Kisha akacheka kicheko cha tumboni, akampa mkate wa moto, na jetoni akaitia mfukoni mwa aproni. Foleni ikapiga makofi.

“Haya, nirudishie sasa,” alisema Mauricette.

“Nikurudishie nini? Umelipa, nimekupa.”

“Wee! Nilikuwa natania!”

“Mimi sikutania, Bi Mauricette. Jina la babu limeandikwa pale. Alisema atatoa mkate, umetoka.”

“Kashakupa, dada, tupishe na sisi!” akadakia mtu nyuma.

Akatoka na mkate kwapani na machozi ya hasira machoni. Anselme aliposikia alicheka hadi akapaliwa, halafu ghafla akanuna. “Subiri kwanza. Ile ilikuwa jetoni yangu miaka yote! Twende tukaichukue.”

Basi mahasimu wawili wakaongozana barabarani kama maharusi. Gaétan alipowaona aliona haya kidogo. Akafuta mikono, akasema, “Iko juu, kwa mama. Njooni wenyewe mkamwombe.”

Mama yake, Bi Léocadie, alikuwa amekaa karibu na dirisha, miguu haimbebi tena, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Jetoni alikuwa ameifumbata. Kidole gumba chake kilikuwa kikizizunguka pembe, polepole, moja baada ya nyingine.

“Baba alinipa kazi ya kuzigawa nilipokuwa msichana,” alisema bila kuulizwa. “Mnajua kwa nini zina pembe? Wanaume wengi walirudi kutoka vitani hawaoni, gesi ya sumu imewala macho. Jetoni za bia zilikuwa duara. Baba akasema, za kwangu wazijue kwa vidole, asije mtu akawaibia mkate wao.”

Anselme alivua kofia.

“Mmeifuata?” aliuliza bibi, akinyoosha mkono.

Mauricette aliutazama ule mkono uliofumbuka. Roho ilimvuta, kusema kweli ilimvuta sana. Kisha akaufumba kwa mikono yake miwili.

“Hapana, mama. Nimekuja kukutengeneza nywele. Nani huyu aliyekukata hivi?”

“Gaétan.”

“Inaonekana. Kakukata kama anakata mkate.”

Bi Léocadie alicheka hadi kiti kikalia. Tangu siku hiyo Mauricette alipanda ngazi zile kila Alhamisi na kichana chake, na wakati anamsuka alisimuliwa mambo ya chenji na foleni na vita ambayo hakuna mkusanyaji wa Cambrai aliyewahi kuyasikia. Anselme naye alikuwa akitangaza sokoni kwamba habari ya pembe nane yeye aliijua siku nyingi, ila hakupenda kujisifu.