Madonge Chini ya Kitambaa

Nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Mount Dennis huku ughaibuni, wote husema kwamba siku ile nilidhani ni chapati. Mimi hucheka nao, maana uongo huo niliuanzisha mwenyewe.

Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu, kumlea mzazi siku arobaini ni kazi ya mama yake, nami nilishajiandaa kwa uji wa pilipili manga. Lakini mama wa mumewe aliwasili kutoka Moroko kabla sijapata likizo kazini. Nilipofika kutoka kwangu Scarborough, upande wa pili wa jiji, baada ya kubadilisha mabasi, nikakuta jiko lina mwenyewe.

Huyo mkwe mwenzangu hakujua Kiswahili, na Kiarabu changu ni cha kuswalia tu. Kila asubuhi alikanda unga wa ngano kwa hamira na chumvi, akafanya madonge, akayabonyeza kidogo kwa kiganja na kuyafunika kwa kitambaa mpaka yaumuke. Mkate wake ukitoka kwenye oveni hauguswi na kisu. Unamegwa kwa mkono ungali moto, kisha unachovywa kwenye mafuta ya zeituni na asali. Binti yangu alikula akalamba vidole, na uji wangu ukaganda kikombeni.

"Sorry, Mama," aliniambia. "Uji haushuki. Huu mkate ndio unaopita."

Niliumia, tena sana.

Siku ya tano, mkwe alipoingia chumbani kwake kuswali adhuhuri, nilibaki jikoni na madonge manne. Nikayafunua. Harufu ya hamira ikanipanda puani, na mtu aliyepika mahamri miaka yote hiyo hawezi kuikosea. Nikachukua kijiti cha kusukumia chapati, nikayasukuma yote yakawa bapa, nikayapika kwa mafuta kwenye kikaango. Yakatoka magumu, si chapati si mkate.

Mkwe akatoka. Akatazama kikaango, akatazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Kuna nini huko?" binti yangu akauliza kutoka chumbani.

"Nilidhani ni chapati!" nikamjibu, uso ukiniwaka kwa aibu.

Akaangua kicheko. Mkwe hakucheka. Alivuta kiti, akamega kile kitu changu, akakichovya kwenye asali, akala polepole mpaka kikaisha. Nadhani alijua. Mwanamke wa jikoni hadanganywi na mwenzake.

Kesho yake alikanda tena. Aliponiona nimesimama karibu, nilijua sasa nafukuzwa. Badala yake akanishika mkono, akauweka juu ya kitambaa, na wake akauweka juu ya wangu. Unga ulikuwa vuguvugu. Tukasubiri pamoja, kila mmoja na lugha yake.

Mkate ulipoiva akaumega, akachovya kipande cha kwanza, akanikabidhi, kisha akanyoosha kidevu kuelekea chumbani.

Nikaenda kumlisha mwanangu.