Afisa na Ruhusa ya Koplo Sule

Kwanza niseme wazi: Afisa ni jina lake, si cheo. Shehe alimwandika Hafsa, lakini sisi watu wa Aroi herufi ile ya kwanza haitukai ulimini. Ilidondoka mahali fulani kati ya msikiti na nyumbani, na kilichobaki ndicho anachoitwa mpaka leo. Ni muuguzi. Mimi ni Afedra, dereva wake, na utani mwingi kuhusu jina hilo umetoka kinywani mwangu, sikatai.

Nilianza kumbeba kwa bodaboda, wakati hospisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha kuazima pembeni mwa mji wa Arua, chenye benchi moja na kabati la kufuli mbili. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Tunawaendea nyumbani wagonjwa walioambiwa hakuna tena la kufanya, tunawapunguzia maumivu, tunakaa nao. Afisa aliiingia kwa hasira. Mama yake mdogo, Santa, alikufa kwa saratani huku akiambiwa kila siku kwamba ni vidonda vya tumbo, na mtu mzima yule akafa akijilaumu kwa pilipili alizokula. Tangu hapo Afisa ana sheria moja: mgonjwa hadanganywi. Ameisema mara nyingi mpaka mimi naiota.

Chumba kikawa vyumba vinne. Bodaboda ikawa gari, gari la mkono wa pili linalokohoa kila kilima, lakini gari. Tukafika Omugo, ambako hata wakimbizi walituita kwenye nyumba zao za turubai. Koboko ndiyo ilitugomea. Kule walisema mofini yetu, ile dawa ya maumivu ya maji ya kijani tunayoigawa kwenye chupa, ni dawa ya kusindikiza: ukiionja tu, safari imeanza. Nyumba tatu zilitufukuza kwa adabu, na chai juu yake.

Ya nne ilikuwa ya mzee Sule. Jirani yake alitupigia simu kwa sababu alikuwa amechoka kumsikia akipiga kelele. Tulitoka Arua asubuhi ya ukungu. Barabara haikuonekana zaidi ya miti miwili mbele. Wanawake wenye mizigo kichwani walitokea, wakatupungia, wakayeyuka. Nilihisi sisi tumesimama na nchi ndiyo inayopita pembeni, taratibu, haina haraka na mtu. Afisa aliikumbatia chupa mapajani. Mzee akitukataa na yeye, atakufa katika maumivu yale yale, na Koboko yote itasema tulistahili kukataliwa.

Mkewe, mama Kadijah, alitupokea mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Yeye hapana taka dawa," alisema kwa Kiswahili cha huko Koboko. "Nasema dawa naleta usingizi. Na yeye iko kwa lindo."

"Lindo gani, mama?"

"Ile ya zamani. Ya jeshi."

Ndipo tukaelezwa. Vita vya mwaka sabini na tisa, vilivyoiangusha serikali, vilimkuta Sule akiwa koplo kijana, analinda ghala la silaha. Wakubwa wote wakakimbia, naye akakimbia, akavuka mpaka hadi Zaire. Huko ndiko alikomwoa Kadijah. Walirudi, wakalima, wakazaa, wakazika wengine. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia Sule kwamba zamu yake imekwisha. Saratani ilipomfika kwenye mifupa, ghala lile lilirudi pamoja nayo. Alilala kwenye mkeka, macho yameganda mlangoni.

Afisa aliinama kizingitini, akajitambulisha kama anavyojitambulisha kila mahali.

"Jambo mzee. Mimi iko Afisa, kutoka Arua."

Mungu wangu. Mzee yule hakuwa ameketi kwa mwezi mzima. Alijisukuma kwa kiwiko, mfupa kwa mfupa, jasho likimtoka, akainua mkono mpaka kwenye paji la uso.

"Jambo afande! Koplo Sule. Lindo iko salama, afande!"

Mama Kadijah alianza kulia. Mimi niliangalia chini. Nilimjua Afisa, nilijua angemsahihisha palepale. Lakini mkono wa mzee ulikuwa bado kwenye paji la uso, nao usingeshuka mpaka uruhusiwe.

"Shusha mkono, koplo," Afisa alisema kwa sauti ndogo. "Kunywa hii."

"Ndiyo, afande."

Akanywa. Baada ya nusu saa mikunjo ya uso ilianza kulegea, mmoja mmoja, na akalala. Alilala mpaka jioni, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole.

Tulipokuwa tunarudi, baada ya mji wa Maracha, Afisa alinigeukia.

"Afedra, leo nimemdanganya mgonjwa."

"Hujadanganya. Umetaja jina lako."

"Usinitetee."

Basi nikakanyaga mafuta. Huwa ananiudhi anapokuwa na haki.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kwa namna ambayo sijui kuieleza. Kila Jumanne tulimkuta mzee ameegemea ukuta, amenyolewa, anasubiri ukaguzi. Alitoa ripoti: dawa amekunywa kila baada ya saa nne, uji amemaliza, choo, na hapo alikaza sauti, choo kimetoka bila upinzani. Afisa aliandika kila kitu bila kucheka; mimi nilikwenda kucheka nyuma ya jiko. Mchana joto la Koboko lilikuwa linatulegeza sote. Mama Kadijah alisuka mikeka yake, rangi zikipishana chini ya vidole, na mzee alisimulia mito aliyoivuka, akasinzia katikati ya mto, akaamka upande wa pili na kuendelea. Nami nilisinzia pamoja naye. Sikujua tena ni mwaka gani, wala sikutaka kuambiwa.

Majirani waliona. Aliyekuwa anapiga kelele sasa anacheka, na dawa ya kusindikiza haijamsindikiza. Mmoja akaja kuuliza juu ya dada yake, mwingine juu ya baba. Kabla mvua hazijaisha tulikuwa na chumba karibu na soko la Koboko, na watu saba wa kujitolea wanaojua kupima kipimo cha dawa na kugeuza mgonjwa kitandani.

Kila Jumanne Afisa aliahidi kwamba atamwambia mzee ukweli. Kila Jumanne hakuweza.

Kisha tulimkuta hajanyolewa. Hakuweza tena kuegemea ukuta. Afisa alipiga magoti, na mzee akamshika kidole.

"Afande, mimi nachoka. Maumivu hapana. Nachoka tu." Akapumzika. "Nataka kwenda. Lakini mutu hapana toka kwa lindo bila ruhusa. Mimi nilitoka mara moja, nakimbia kama mwizi. Mara hii nataka ruhusa. Nipe, afande."

Mpe, nilisema moyoni. Neno moja tu, mpe! Afisa alifumba macho. Alipoyafumbua nilijua anachokwenda kusema, na nilimkasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu.

"Mzee, mimi hapana afande. Afisa iko jina yangu tu. Mimi iko nesi. Nisamehe. Ruhusa ya jeshi mimi hapana nayo."

Mzee hakukasirika, heri angekasirika. Macho yake yalizunguka chumbani yakimtafuta mtu mwingine, aliyemzidi cheo, na hakuwapo.

"Basi nani?" aliuliza. "Nani tanipa?"

Mama Kadijah aliuweka mkeka chini. Mwanamke yule siku zote alikataa kulisikia neno kufa. Tulipolikaribia alikwenda kuchota maji. Sasa alikuja, akakaa pale ambapo Afisa alikuwa, akamgeuza uso mumewe kwa viganja viwili.

"Mimi," alisema.

"Wewe iko nani?"

"Mimi nakaa na wewe miaka arobaini na tano. Zaire mimi iko. Njaa mimi iko. Kama wewe nalinda, basi nalinda mimi na watoto yangu, na sisi iko salama. Hapana potea kitu." Sauti yake ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Sasa lindo nachukua mimi. Enda, Sule. Napa wewe ruhusa."

Mzee alipumua kwa nguvu, kama anayetua gunia. Akafumba macho.

Alifariki Ijumaa, kabla ya adhuhuri, usingizini.

Jumapili tulikwenda kutoa pole. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani, lakini mama Kadijah alikuwa amekaa kizingitini peke yake, mgongo wima, macho nje. Watu walituambia hajalala tangu Ijumaa, na akiombwa aingie ndani anakataa.

Afisa alivua viatu, akakaa karibu naye.

"Mama, lala. Mimi nakaa hapa."

Mama Kadijah alimtazama, akayatazama maua ya mahindi yaliyoanza kuchanua shambani, kisha akalaza kichwa kwenye mapaja ya Afisa. Alilala mpaka alasiri. Miguu ya Afisa ilikufa ganzi na hakuisogeza. Wagonjwa wa siku ile nilikwenda kuwapelekea dawa zao mimi mwenyewe.